Alexis Carrel: Daktari Aliyejifunza Kushona Mishipa ya Damu

Jioni ya tarehe 24 Juni 1894, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, Rais Sadi Carnot alikuwa akitoka karamuni ndani ya gari la farasi. Barabara ilijaa watu waliokuja kumshangilia. Ghafla kijana mmoja Mwitaliano, mfuasi wa kundi lililopinga serikali zote duniani, alilirukia gari hilo akamchoma Rais kisu tumboni. Kisu kilikata vena kubwa inayopeleka damu kwenye ini. Madaktari bingwa wa mji ule walimzunguka, wakajaribu kila walichokijua, lakini damu haikuzuilika. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, Rais wa Ufaransa alifariki dunia.

Taifa zima liliomboleza. Lakini mwanafunzi mmoja wa udaktari katika mji huohuo, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 21, alibaki na swali lililowaudhi walimu wake. Ngozi ikikatwa hushonwa. Utumbo ukitoboka hushonwa. Kwa nini basi mshipa wa damu uliokatwa usishonwe, damu ikaendelea kupita? Wakubwa wake waliona ni swali la kijana asiyejua mambo. Kijana huyo aliitwa Alexis Carrel.

Wapendwa waamini, leo mtu anapopewa figo ya ndugu yake na kurudi nyumbani akiwa mzima, uhai wake umeshikiliwa na mishono miwili midogo ya mishipa ya damu. Mishono hiyo ni matunda ya swali la kijana wa Lyon. Kwa hiyo inafaa tumfahamu. Inafaa pia tumfahamu kwa ukweli wote, kwa maana maisha yake yana mwanga mkubwa na giza zito. Mara nyingi sisi Wakatoliki tumesimulia habari zake za Lourdes na kunyamazia mengine. Mwenye kusimulia nusu hajasimulia.

Mtoto wa mji wa hariri

Alizaliwa tarehe 28 Juni 1873 huko Sainte-Foy-lès-Lyon, jirani na mji wa Lyon. Jina alilopewa kwanza lilikuwa Marie-Joseph-Auguste. Baba yake, aliyeitwa Alexis, alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Baadaye mtoto akalichukua jina la marehemu baba yake. Mama yake mjane, mwanamke mchaji wa Mungu, alimlea katika imani na kumpeleka katika shule ya Wayesuiti. Hata hivyo, alipofika Chuo Kikuu, imani ile ya utotoni ilipoa. Katika vyuo vya Ufaransa vya wakati ule, msomi aliyesali alionekana kama mtu aliyesahau kukua. Carrel akawa miongoni mwa wengi walioamini tu kile kinachopimika.

Lyon ulikuwa mji wa hariri. Kwa karne nyingi wanaume na wanawake wa mji ule walifuma na kudarizi vitambaa vilivyovaliwa na wafalme, na mavazi ya ibada yaliyotumika altareni. Carrel hakumpata mwalimu wa kushona mishipa katika kitivo cha udaktari, kwa hiyo alimtafuta kwa mafundi. Alimwendea mama mmoja mdarizi mashuhuri, Bibi Leroudier, akaketi kwake kama mwanafunzi, akajifunza kushika sindano nyembamba kabisa na uzi mwembamba wa hariri. Hapa kuna jambo la kutafakari. Daktari msomi alinyenyekea mbele ya fundi wa mkono, na kwa unyenyekevu huo tiba ya dunia nzima ikabadilika.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Mshipa wa damu haufanani na kitambaa. Damu ikiugusa uzi, au ikigusa ukuta wa ndani uliochubuka, huganda, na damu iliyoganda huziba njia. Mshono ukivutwa mno, njia husinyaa. Ukilegea, damu huvuja. Tena vena ina shida kuliko ateri. Ateri ina kuta nene, hivyo hata ikikatwa tundu lake huonekana. Vena ina kuta nyembamba na laini, nayo ikikosa damu hulala bapa kama soksi iliyovuliwa. Mshonaji asiye mwangalifu huchoma kuta zote mbili kwa pamoja, akaifunga njia aliyokusudia kuifungua.

Mwaka 1902 Carrel alichapisha njia yake katika jarida la udaktari la Lyon. Alikutanisha ncha mbili za mshipa, akazifunga kwa nyuzi tatu zilizoachana kwa umbali sawa. Nyuzi hizo tatu zikivutwa, tundu la duara linageuka pembetatu. Sasa fundi hashoni tena mviringo unaokimbiakimbia. Anashona mistari mitatu iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine, na ukuta wa upande wa pili unakaa mbali na sindano. Kingo za mshipa alizigeuza kidogo kwa nje, ili utando wa ndani ukutane na utando wa ndani, uzi usiote katikati ya damu. Uzi wenyewe aliupaka vaselini ili upite bila kukwaruza. Alidai usafi uliopita kiasi, maana alijua kwamba kijidudu kidogo tu kingeharibu kila kitu. Njia hiyo ni rahisi kuielewa. Kabla yake, hata hivyo, hapakuwa na mshono wa mishipa ambao madaktari wangeweza kuutegemea.

Safari ya Lourdes

Mwaka huohuo, mwishoni mwa mwezi Mei, daktari mwenzake aliyepaswa kuwasindikiza wagonjwa katika hija ya Lourdes alimwomba ashike nafasi yake. Carrel alikubali. Hakwenda kuhiji, alikwenda kuchunguza. Ndani ya treni aliombwa amwangalie msichana mmoja, Marie Bailly, aliyekuwa mahututi kwa kifua kikuu kilichoshambulia utando wa tumbo. Tumbo lilikuwa limevimba na kuwa gumu, mapigo ya moyo yalikwenda mbio, uso ulikuwa wa mtu anayeaga. Carrel alimpima, akaona hatachukua muda.

Tarehe 28 Mei 1902 msichana huyo alipelekwa kwenye mabafu ya Lourdes. Kwa kuwa alikuwa dhaifu mno hata kuzamishwa majini, walimmwagia maji tumboni. Kisha wakamlaza mbele ya Pango la Bikira Maria. Carrel alisimama karibu, saa na daftari mkononi. Mbele ya macho yake rangi ya uso ilibadilika, pumzi ikatulia, na tumbo likashuka hadi likawa la kawaida. Jioni alimkuta ameketi kitandani, anazungumza. Msichana huyo baadaye alijiunga na Shirika la Mabinti wa Upendo la Mtakatifu Visenti wa Paulo, akawahudumia maskini hadi alipofariki mwaka 1937.

Mama Kanisa hana pupa katika mambo haya. Uponyaji huo ulichunguzwa kwa miaka mingi, na mpaka leo haumo katika orodha ya miujiza iliyotambuliwa rasmi. Carrel mwenyewe hakutangaza muujiza. Alisema tu alichokiona, akawalaumu waamini wanaoamini upesi mno bila kupima, akawalaumu na madaktari wanaokataa hata kutazama. Kwa maneno hayo aliwachukiza wote. Katika hospitali za Lyon, ambako alitafuta nafasi ya kudumu ya daktari mpasuaji, milango ilifungwa. Imani haikumrudia siku ile. Alibaki na kile alichokiona kama mtu aliyepokea barua iliyofungwa, akaibeba kwa zaidi ya miaka 40.

Figo iliyohamishwa

Mwaka 1904 aliondoka Ufaransa kwenda Kanada, na kutoka huko akafika Chicago nchini Marekani. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Chicago alifanya kazi na mwenzake Charles Guthrie. Wawili hao walionyesha kwamba kipande cha vena kinaweza kushonwa mahali pa ateri iliyoharibika, na vena hiyo ikazoea kazi ya ateri. Walihamisha figo za mbwa, hata kuishona figo kwenye mishipa ya shingo, nayo ikatoa mkojo. Mwaka 1906 Carrel alihamia Taasisi ya Rockefeller ya Utafiti wa Tiba, mjini New York, alikofanya kazi kwa zaidi ya miaka 30.

Ili tuelewe uzito wa kazi hiyo, tukumbuke jinsi figo ilivyoumbwa. Damu huingia kwa ateri, husafishwa, hutoka kwa vena, na uchafu hushuka kwa mrija wa mkojo. Kwa hiyo figo ikihamishwa, mishipa yote miwili lazima iungwe upya. Ateri ikiziba, figo hukosa damu ikafa. Vena ikisinyaa au ikijikunja, damu huingia bila kupata pa kutokea, figo huvimba, na nayo hufa. Mgeni akiingia nyumbani lazima pia awepo mlango wa kutokea.

Carrel alipata pia ujanja mwingine. Ateri ya figo ni nyembamba, na kuishona mdomo kwa mdomo ni hatari. Badala ya kuikata yenyewe, alikata pamoja nayo kipande kidogo cha ukuta wa ateri kuu inakochipukia, kama fundi anayekata kitufe pamoja na kitambaa kinachokizunguka. Kipande hicho ndicho kinachoshonwa, na mdomo wa ateri unabaki bila kuguswa. Hadi leo madaktari wanakiita kiraka cha Carrel, na wanakitumia wanapopokea figo kutoka kwa mtu aliyefariki dunia.

Hekima ileile imeendelea kuzaa matunda upande wa vena. Vena kuu ya mwili hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo vena ya figo ya kulia ni fupi, na ile ya kushoto ni ndefu. Ndiyo maana mtu aliye hai akijitolea figo, mara nyingi madaktari huchagua ya kushoto. Ikilazimu kutumia ya kulia, vena yake inaweza kurefushwa. Kama figo imetoka kwa marehemu, mpasuaji huchukua pamoja nayo sehemu ya vena kuu, akaikata na kuishona iwe mrija unaorefusha vena ile fupi. Kama imetoka kwa aliye hai, kipande cha vena nyingine kinaweza kutumika. Kisha figo hulazwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, nayo huungwa na mishipa mikubwa iendayo mguuni. Mara nyingi figo za zamani huachwa mahali pake. Kila hatua ya kazi hiyo ni ushonaji, na chimbuko lake linarudi kwa yule kijana aliyeketi kwa mdarizi.

Lakini Carrel aligonga ukuta. Alipotoa figo ya mbwa na kuirudisha kwa mbwa yuleyule, mnyama aliishi kwa afya njema kwa miaka. Alipoihamisha kwa mbwa mwingine, mshono ulikuwa mzuri vilevile, damu ilipita vizuri, na bado baada ya siku chache figo iliharibika. Alikiri kwamba tatizo la kushona limekwisha na kwamba limebaki fumbo kubwa zaidi: mwili unamtambua mgeni na kumkataa. Mwaka 1912 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi ya kushona mishipa na kupandikiza mishipa na viungo. Alikuwa na miaka 39. Guthrie hakushirikishwa tuzo hiyo, na wapo wanaoona hadi leo kwamba hakutendewa haki.

Usiku mmoja New York

Kuna tukio moja la mwaka 1908 ambalo napenda lisimame katikati ya habari hii. Daktari mmoja wa New York alipata mtoto wa kike. Siku chache baada ya kuzaliwa, mtoto alianza kutokwa na damu bila kukoma. Alikuwa mweupe kama karatasi. Wakati ule kuongezewa damu hakukuwa jambo la kawaida. Katika hali ya kukata tamaa, usiku, baba alikwenda kumwamsha Carrel.

Carrel alikuja. Hapakuwa na dawa ya usingizi aliyoweza kupewa mtoto dhaifu kiasi kile. Walimlaza baba, wakamlaza mtoto pembeni yake. Carrel alifungua ateri katika mkono wa baba na vena katika mguu wa mtoto, vena nyembamba mno, akaziunga kwa mshono wake. Damu ya baba ikaingia moja kwa moja ndani ya binti yake. Ngozi iliyokuwa nyeupe ikaanza kuwa ya waridi, kisha nyekundu, na mtoto akalia kwa nguvu. Aliishi, akakua.

Usiku ule Carrel hakuuliza kama mtoto huyo atakuwa na akili nyingi, au kama atalifaa taifa. Aliona mtoto anayekufa na baba anayempenda, akashona. Tulikumbuke hilo, kwa sababu ya yale yanayofuata.

Vita na kitabu

Mwaka 1913 alimwoa Anne-Marie de La Motte, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka uliofuata, Carrel alirudi kuwatibu askari wa nchi yake, na mkewe akahudumu kama muuguzi. Katika hospitali ya Compiègne, pamoja na mkemia Mwingereza Henry Dakin, alitengeneza njia ya kuosha vidonda vya vita mara kwa mara kwa maji yenye klorini yaliyopimwa kwa uangalifu. Zama hizo hazikuwa na penisilini, na wengi walihifadhi viungo vyao na uhai wao kwa njia hiyo. Katika miaka ya 1930, akishirikiana na rubani maarufu Charles Lindbergh, alitengeneza pampu ya kioo iliyoweza kuhifadhi kiungo nje ya mwili.

Sifa ni mzigo, na si kila bega huweza kuubeba. Mwaka 1935 Carrel alitoa kitabu juu ya binadamu, kikasomwa na maelfu kwa maelfu katika lugha nyingi. Ndani yake mna kurasa nzuri juu ya sala na roho. Mna pia kurasa za kutisha. Alishika mafundisho ya eujeniki, yaani fikra kwamba wanadamu wagawanywe kati ya bora na hafifu, na kizazi kijengwe kutoka kwa walio bora. Alifika mahali pa kupendekeza kwamba wahalifu wa aina fulani, pamoja na wagonjwa wa akili waliotenda makosa makubwa, wauawe kwa gesi. Katika toleo la Kijerumani la mwaka uliofuata aliongeza maneno ya kuzisifu hatua za serikali ya Hitler dhidi ya watu iliowaita wenye kasoro.

Wengine humtetea kwa kusema kwamba enzi zile wasomi wengi walifikiri hivyo. Ni kweli, walikuwa wengi. Lakini Mkatoliki wa mwaka 1935 hakukosa taa. Tarehe 31 Desemba 1930 Papa Pius wa XI, katika Waraka wake juu ya ndoa ya Kikristo, alikuwa amekwisha kuikataa eujeniki waziwazi, akifundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya viungo vya mwili wa mtu asiye na hatia. Na tarehe 3 Agosti 1941, Askofu Clemens August von Galen wa Münster alisimama mimbarani nchini Ujerumani kwenyewe na kushutumu mauaji ya wagonjwa na walemavu, mauaji ambayo hadi mwezi huo yalikuwa yamemaliza watu zaidi ya 70,000. Askofu huyo hakuwa na Tuzo ya Nobel. Alikuwa na Amri ya Tano.

Carrel hakushiriki mauaji hayo. Hata hivyo maneno ya mtu mkubwa ni mbegu, na aliyepanda hawezi kuagiza upepo uzipeleke wapi. Mwaka 1941 alirudi Ufaransa iliyokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, akakubali kuongoza taasisi ya utafiti wa matatizo ya binadamu iliyoanzishwa na serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na mvamizi. Ufaransa ilipokombolewa mwaka 1944 alisimamishwa kazi na kushutumiwa kwa usaliti. Kifo kilimfikia kabla ya mahakama. Miongo mingi baadaye miji kadhaa ya Ufaransa iliondoa jina lake katika barabara zake, na kitivo cha udaktari cha Lyon kilichokuwa kimepewa jina lake kikapewa jina jingine.

Barua inafunguliwa

Katika miaka yake ya mwisho, barua ile aliyoibeba tangu Lourdes ilianza kufunguka. Alijenga urafiki na mmonaki Dom Alexis Presse, aliyekuwa akiifufua abasia ya kale ya Boquen huko Bretagne. Aliandika kijitabu juu ya sala. Kutoka kwenye makaratasi yake, baada ya kifo chake, lilichapishwa simulizi la safari ya Lourdes, ambamo daktari mwenye mashaka anaitwa Lerrac, yaani jina la Carrel lililoandikwa kinyumenyume. Tarehe 5 Novemba 1944 alifariki mjini Paris kwa ugonjwa wa moyo, akiwa amepokea sakramenti za Kanisa. Mtu aliyetaka kila kitu kipimwe alikufa akiwa amejikabidhi kwa huruma isiyopimika.

Hatujui aliyoyasema katika kitubio chake, wala si juu yetu kuyajua. Tunachojua ni kwamba huruma ya Mungu haifuti ukweli wa dhambi. Huiita kwa jina lake na kuisamehe. Kwa hiyo hatufanyi kosa tunaposhukuru kwa kazi ya mikono yake na wakati huohuo tukayakataa mafundisho yake juu ya thamani ya mtu.

Urithi kwetu

Fumbo alilolikiri Carrel lilianza kufumbuliwa katika miaka ya 1940 na Mwingereza Peter Medawar, aliyeeleza jinsi kinga ya mwili inavyokikataa kiungo kigeni. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray, Mkatoliki, alichukua figo ya kijana mmoja na kumpandikiza pacha wake waliyefanana kabisa. Kwa kuwa miili yao ilikuwa kama mmoja, figo haikukataliwa. Murray naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Baadaye zikapatikana dawa za kutuliza kinga ya mwili, na upandikizaji ukawezekana hata kwa wasio mapacha. Hapa Tanzania, ambako kwa miaka mingi wagonjwa walipelekwa India, upandikizaji wa figo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka uliofuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma.

Kwa sababu hiyo swali limeingia pia katika familia zetu. Mwamini anaweza kumwendea padre wake na kuuliza: nikimpa mdogo wangu figo moja, je, ninauharibu mwili niliopewa na Mungu? Nitafufukaje nikiwa na upungufu? Mama Kanisa amejibu kwa upole na kwa uwazi. Kutoa kiungo kwa hiari, ili mwingine aishi, ni tendo la upendo. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika Waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya Uhai, alilihesabu miongoni mwa matendo ya kishujaa ya kila siku. Yapo masharti, nayo yanalinda utu. Mtoaji akubali kwa uhuru na kwa kuelewa, bila kushurutishwa na ukoo. Uhai wake usiwekwe katika hatari isiyolingana na wema unaotafutwa. Kiungo kisiuzwe wala kununuliwa, maana mwili wa binadamu si bidhaa. Na kwa anayetoa baada ya kufa, lazima kifo kiwe kimethibitishwa kweli. Ama ufufuko, Mungu aliyetuumba kwa mavumbi hatashindwa kwa sababu ya figo moja iliyotolewa kwa upendo.

Lipo somo la pili, na ndilo zito zaidi. Mkono uleule uliomuunganisha baba na mtoto wake usiku wa New York ndio uliokuja kuandika kwamba baadhi ya watu hawastahili kuishi. Akili kubwa haimlindi mtu dhidi ya wazo baya, wala tuzo haitakasi dhamiri. Fikra ile haijafa. Inaingia nyumbani mwetu tunapomficha mtoto mwenye ulemavu wageni wanapokuja. Inaonekana tunapomwita mzee aliyepoteza kumbukumbu kuwa mzigo, au tunapouliza kwanza mgonjwa huyu ana faida gani kabla ya kuchangia matibabu yake. Figo haiulizi nani bora. Ikishonwa vema na kupokelewa, husafisha damu ya tajiri na ya maskini, ya profesa na ya asiyejua kusoma.

Mwezi Novemba, mwezi aliofariki Carrel, Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wote. Tunapotaja majina ya wazazi na ndugu zetu katika Misa, tusione haya kumtaja na huyu, aliyefanya mema mengi na kufundisha uovu, akafa mikononi mwa Kanisa. Tuwaombee pia madaktari wanaosimama kwa saa nyingi wakiunga vena ndogo kwa uzi mwembamba, na wagonjwa wanaosubiri mtu wa kuwapa uhai. Na yule kati yetu ambaye ndugu yake anasubiri sasa, akae na familia yake, akaonane na daktari na paroko wake, asali, kisha aamue kwa moyo huru.

Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.